Chembe cha Moyo si Moyo: Safari ya Tonge na Msamiati Wake

Utangulizi

Makala haya hayakuzaliwa maktabani. Yalizaliwa kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha daktari, katika hospitali moja ya mjini ambako nilikuwa nimemsindikiza shangazi yangu. Shangazi ni mzaliwa wa Pwani ya kusini, na Kiswahili chake ni kile cha watu wazima wa huko. Alipoulizwa anaumwa na nini, alijibu bila kusita: "Mwanangu, chembe cha moyo chanikata, hasa usiku wa manane. Nikila kidogo hutulia, kisha hurudi." Daktari alikuwa kijana wa rika langu, aliyesomeshwa sayansi yote kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Katika jibu lile refu alidaka neno moja tu: moyo. Tukapelekwa kupimwa mapigo ya moyo. Moyo ulikuwa mzima.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajakutana na istilahi hii, chembe cha moyo si moyo wala si sehemu ya moyo. Ni kile kibonde kilicho chini ya mfupa wa kifua, mahali mbavu zinapoachana. Nyuma ya kibonde hicho hamna moyo bali mna tumbo, sehemu ya ini, kongosho na mwanzo wa utumbo mwembamba. Simlaumu daktari kwa kipimo alichoagiza, kwa sababu maumivu ya moyo nayo huweza kujitokeza mahali papo hapo, na daktari mwangalifu hawezi kulipuuza jambo hilo. Ninacholalamikia ni kwamba hakuuliza swali la pili. Shangazi alikuwa amekwisha kumweleza mambo matatu ya maana sana: mahali, wakati na uhusiano wa maumivu yake na chakula. Yote matatu yalikuwa yakielekeza kwenye mfumo wa mmeng'enyo wa chakula.

Nia ya makala haya, basi, ni kulifuata tonge moja kutoka kinywani hadi mwisho wa safari yake, huku tukiyatazama maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa kila kituo. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, si tabibu. Hata hivyo, nimekuja kuamini kwamba anayesomea lugha hii hawezi kujitenga na maneno ambayo wagonjwa wanayatumia kuyaeleza matumbo yao.

Kinywani: ala zilizoazimwa

Kinywa tunakijua. Katika somo la fonetiki tumekichora mara nyingi: midomo, meno, ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, ulimi, koromeo. Tukaviita viungo hivyo ala za sauti, tukavikariri, tukafaulu mtihani. Ni wachache miongoni mwetu wanaokumbuka kwamba ala hizo zimeazimwa. Kazi yake ya awali ni kula. Mtoto mchanga huibana midomo yake kwenye titi la mama miezi mingi kabla ya kuibana ili atamke /m/.

Tuchukue tonge la ugali lililochovywa kwenye mchuzi wa maharagwe. Meno ya mbele hukata, chonge huchana, magego husaga, nao ulimi hugeuza na kukusanya. Wakati huohuo mate hutiririka kutoka katika jozi tatu za tezi kubwa na tezi nyingine nyingi ndogo. Kwa siku moja mtu mzima hutoa kama lita 1 hadi lita 1 na nusu ya mate, na karibu yote huyameza asijue. Mate hulainisha tonge lipate kuteleza, lakini pia yamebeba kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho huanza kuuvunja wanga wa ugali kuwa sukari. Msomaji anayetilia shaka jambo hili na atafune kipande cha ugali mkavu bila kukimeza kwa muda wa dakika moja au mbili. Utamu utajitokeza, na hakuna aliyetia sukari.

Mate hayangoji chakula kifike. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa inatosha kuyaamsha, hata fikra ya chakula inatosha. Kwa hiyo tunaposema kwamba fulani anakimezea mate kiwanja cha jirani yake, tunatumia nahau, naam, lakini nahau hiyo imesimama juu ya ukweli wa mwili.

Inafaa tutue kidogo kwenye istilahi yenyewe. Vitabu vingine husema usagaji wa chakula, vingine husema mmeng'enyo. Mimi naegemea upande wa mmeng'enyo. Kusaga ni kazi ya jiwe na jino: kitu kikubwa kinakuwa unga, lakini unga wa mahindi ni mahindi bado. Kumeng'enya ni kukivunjavunja kitu vipande vidogo vidogo, na neno hili limekubali kubeba maana ya ziada ya kukivunja kitu hadi kisiwe tena kile kilichokuwa. Hilo ndilo linalotendeka mwilini. Kutoka kitenzi hichohicho tumepata kimeng'enya, yaani kile kinachomeng'enya. Nadhani aliyelibuni neno hili alistahili kulala usingizi mnono usiku ule.

Kidakatonge na umio

Tonge likishalainika, ulimi hulisukuma nyuma. Kooni pana njia panda: mbele kuna njia ya hewa, nyuma kuna umio, mrija wa misuli unaoteremka kwenda tumboni. Wakati wa kumeza, zoloto hupanda juu na kifuniko kidogo cha gegedu huilalia njia ya hewa. Kifuniko hicho ndicho kidakatonge, jina linalojieleza lenyewe. Wapo wanaolitumia neno hilo kwa kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, ambacho wengine hukiita kimio, na nimeshuhudia wanafunzi wawili wakibishania jambo hili chumba kizima kikanyamaza kuwasikiliza. Kwa mwanafonetiki kosa hilo lamgharimu alama moja. Kwa muuguzi anayemhudumia mgonjwa wa kupooza ambaye chakula chake huingia njia ya hewa, ni vyema ijulikane kinachozungumziwa ni kipi.

Umio una urefu wa kama sentimita 25. Chakula hakiangukii tumboni kama jiwe linavyoanguka kisimani. Misuli hubana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, wimbi baada ya wimbi, na ndiyo sababu mtu aliyeinamishwa kichwa chini anaweza kumeza. Kwa sekunde chache tu safari hii huwa imekwisha. Mwishoni mwa umio pana msuli wa mviringo unaofungua na kufunga kama mdomo wa mkoba. Usipofunga sawasawa, asidi ya tumboni hupanda na kuunguza, nasi twapata kiungulia. Tazama jinsi lugha ilivyoona sawa: kiini cha neno hilo ni kuungua.

Kituo hiki hatuna budi kukitaja kwa uzito zaidi kwa sababu ya nchi yetu. Saratani ya umio imeenea katika Afrika Mashariki, nayo magharibi ya Kenya na Bonde la Ufa ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana kwa ugonjwa huu. Dalili yake kuu ni chakula kukwama: kwanza nyama, baadaye ugali, hatimaye uji. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliviweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65 za selsiasi, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani hiyo. Hakuna anayetukataza chai. Tunaambiwa tuiache ipoe.

Tumbo, na mtu aliyekuwa na dirisha

Sasa tumefika tumboni, na hapa ndipo Kiswahili kinapotuchanganya zaidi. Neno tumbo lina mzigo mkubwa mno. Ni mfuko unaopokea chakula. Ni eneo zima kutoka mbavuni hadi kinenani. Ni mimba, na ni nasaba pia, kwani ndugu wa tumbo moja si watu waliokula pamoja. Mgonjwa akisema tumbo lauma, amesema kweli, lakini hajasema ni wapi. Huenda ni kidole tumbo, huenda ni kibofu, huenda ni hedhi. Kwa sababu hiyo wazee walikuwa na maneno ya kuligawa eneo hilo: chembe cha moyo, ubavuni, kitovuni, chini ya kitovu, kinenani. Kwa maoni yangu, aliye na maneno haya ana ramani, na aliyebakiwa na tumbo peke yake ana nchi isiyo na barabara.

Mfuko wenyewe hupokea chakula, hukikoroga kwa misuli yake na kukimwagia asidi ya haidrokloriki pamoja na pepsini, kimeng'enya kinachovunja protini. Ni maharagwe, basi, yanayoshughulikiwa zaidi hapa kuliko ugali. Maji hayo ya tumboni ni makali, na huwafisha vijidudu vingi vinavyoingia na chakula. Swali ambalo kila mwanafunzi huuliza ni kwa nini tumbo halijili lenyewe. Jibu ni kwamba ukuta wake umepakwa ute mzito, na chembe zake za juu hubadilishwa upya kila baada ya siku chache.

Mambo haya yalijulikanaje? Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya walibishana: wengine walisema tumbo linasaga tu, wengine walisema linaivisha chakula kwa joto, wengine walisema linaozesha. Ubishi huo ulipata shahidi kwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Tarehe 6 Juni 1822, katika kituo cha biashara ya ngozi za wanyama kwenye Kisiwa cha Mackinac, huko Michigan nchini Marekani, bunduki ililipuka na kumjeruhi kijana mchukuzi aliyeitwa Alexis St. Martin. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu, akapona pasipo kutarajiwa. Kidonda kilipona lakini tundu halikuziba. Tumbo lilikuwa limeshikana na ngozi ya ubavuni, na kupitia tundu lile mtu aliweza kuchungulia ndani.

Kuanzia mwaka 1825 Beaumont alikuwa akifunga vipande vya chakula kwenye uzi wa hariri, nyama mbichi, nyama iliyopikwa, mkate, kabichi, na kuviteremsha kupitia tunduni, kisha kuvivuta baada ya saa moja au mbili aone kilichopungua. Alichota pia maji ya tumboni na kuyatia chupani pamoja na nyama, akaipasha chupa joto la mwili. Nyama ikameng'enyeka chupani, mbali na tumbo lolote. Hapo ikadhihirika kwamba kazi ile si ya kusaga tu, bali ni ya kikemia. Mwaka 1833 alichapisha kitabu chenye majaribio zaidi ya 200. Aliona vilevile kwamba St. Martin akikasirika, tumbo lake hubadilika na kazi yake huvurugika. Mswahili aliyesema fulani yumo tumbo joto hakuhitaji dirisha hilo, ingawa sasa tunajua kwamba ukuta wa njia ya chakula una mtandao wa neva wenye mamilioni mengi ya chembe, unaozungumza na ubongo mchana na usiku.

Nimesoma habari hizi nikiwa na uchungu kidogo. St. Martin alikuwa maskini, hakujua kusoma, na mkataba uliomfunga ulimfanya awe mtumishi wa nyumbani na kitu cha kufanyiwa majaribio kwa wakati mmoja. Mara kwa mara alikuwa akiondoka kurudi kwao Kanada. Alipofariki mwaka 1880, jamaa zake waliuacha mwili uharibike kwanza, kisha wakauzika katika kaburi lenye kina kirefu, ili madaktari wasiupate tena. Kitendo hicho chasema mengi kuliko kitabu kizima.

Mwanzo wa utumbo mwembamba

Baada ya saa mbili hadi nne hivi, na zaidi kama chakula kilikuwa na mafuta mengi, tonge letu limekuwa rojo. Mlango wa chini wa tumbo huliachilia kidogo kidogo kuingia utumbo mwembamba, na hapa ndipo kazi kubwa inapofanyika. Wengi hudhani tumbo ndilo linalomaliza mambo. La hasha. Watu wameishi baada ya kuondolewa tumbo zima kwa upasuaji, lakini kuishi bila utumbo mwembamba ni shida kubwa mno.

Kongosho humwaga maji yanayoipunguza makali ile asidi, yenye vimeng'enya vya wanga, vya protini na vya mafuta. Ini nalo huleta nyongo, ambayo imehifadhiwa katika kifuko chake chini ya ini. Nyongo haina kimeng'enya. Kazi yake ni kama ya sabuni kwenye sufuria yenye mafuta: huyagawa mafuta kuwa matone madogo ili vimeng'enya viyafikie. Aliyewahi kuona mbuzi akichinjwa anajua jinsi mchinjaji anavyokiondoa kifuko hicho kwa uangalifu, kwani kikipasuka nyama yote huwa chungu. Ndiko inakotoka picha ya mambo kutumbukia nyongo. (Anayetaka kuiona njia nzima ya chakula na amsaidie mchinjaji huyo, akikumbuka tu kwamba mbuzi hucheua na tumbo lake lina vyumba vinne, nasi tuna kimoja.)

Utumbo mwembamba una urefu wa kama mita 6, na ukuta wake umekunjwa, na juu ya mikunjo kuna vidole vidogo mno, na juu ya vidole kuna nyuzi ndogo zaidi. Vitabu vya zamani vilipenda kuufananisha upana wa eneo hilo na uwanja wa tenisi. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2014 vilishusha hesabu hiyo hadi kama mita 30 za mraba kwa njia nzima ya chakula, ambazo bado ni sawa na sakafu ya chumba kikubwa. Sukari ya ugali na vijenzi vya protini ya maharagwe hupenya hapo na kuingia katika damu, inayopita ini kwanza. Mafuta hupitia mishipa ya limfu. Kuanzia hapo tonge halipo tena. Limekuwa sisi.

Mwanzo huohuo wa utumbo mwembamba ndiko kulikokuwa na shida ya shangazi yangu. Vidonda tunavyoviita vya tumbo, vingi haviko tumboni bali viko sentimita chache baada ya mlango wake. Kidonda cha hapo mara nyingi huuma mtu akiwa na njaa, humwamsha usiku, na hutulizwa na chakula. Nyumbani tulikuwa tumekwisha kumhukumu: ni mawazo, ni pilipili. Madaktari nao waliamini vivyo hivyo kwa miaka mingi. Kisha mwaka 1982, huko Perth nchini Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kumwotesha maabarani bakteria aliyekuwa akionekana kwenye matumbo ya wagonjwa, ambaye leo huitwa Helicobacter pylori. Wenzao hawakuwasadiki, wakishikilia kwamba hakuna kiumbe kinachoweza kustahimili asidi ile. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi wenye bakteria hao, na baada ya siku chache tumbo lake likawa na uvimbe na kichefuchefu. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Watu wengi sana wana bakteria huyo na hawapati vidonda kamwe. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni zinazotumiwa kwa muda mrefu, na hizo tunazinunua dukani kama peremende.

Haja kubwa na tatizo la tasfida

Utumbo mpana, wenye urefu wa kama mita 1 na nusu, sitakaa nao sana. Hupokea mabaki, hasa nyuzinyuzi ambazo vimeng'enya vyetu haviziwezi, na kuyafyonza maji. Kila siku takriban lita 9 za maji huingia katika njia ya chakula, mengi yakiwa ya mwili wenyewe, na kinachotoka ni kama glasi moja tu au chini yake. Ndiyo maana kuhara kunaua watoto kwa haraka. Humo pia huishi bakteria wasiohesabika wanaozichachusha nyuzinyuzi hizo, na maharagwe ya tonge letu huwafurahisha kwa namna ambayo majirani wa mlaji huitambua.

Lililonigusa zaidi ni lugha ya mwisho wa safari. Kamusi ina mkundu, ina kinyesi, ina mavi. Mdomo wa mtu mwenye heshima hauna hata moja kati ya hayo mbele ya mgeni. Tuna tasfida: haja kubwa, choo, kwenda msalani, njia ya haja kubwa. Tasfida hizi ni hazina, lakini lazima anayeuliza na anayejibu wawe na umri, jinsia na mazingira yanayoziruhusu. Siku ile daktari alimwuliza shangazi, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi, "Choo yako iko aje?" Shangazi alinyamaza, kisha akasema, "Namshukuru Mungu." Daktari akaandika kwamba hakuna tatizo.

Tuliporudi kwenye benchi, tukisubiri majibu ya moyo, aliniinamia sikioni. "Mwanangu, kile kijana alichoniuliza. Ningemwambiaje mtoto wa kiume? Wiki ya pili hii, choo changu cheusi kama lami, na chanata."

Nilikuwa sijui lolote wakati ule kuhusu damu. Sasa najua kwamba damu ikivuja juu, tumboni au mwanzo wa utumbo mwembamba, humeng'enywa njiani kama chakula kingine chochote, na hutoka ikiwa nyeusi na yenye kunata. Najua pia kwamba vidonge vya kuongeza damu vyaweza kukifanya choo kiwe cheusi bila ugonjwa, lakini shangazi hakuwa akivimeza. Nilichojua ni kwamba maneno yale hayakuwa ya kuachwa kwenye benchi. Niliinuka, nikamtafuta muuguzi mmoja wa makamo, nikamweleza. Alikuja, akakaa kando ya shangazi, akamwamkia "Shikamoo mama," akangoja aitikiwe, kisha akauliza swali lilelile kwa sauti ya chini: "Ukienda msalani, mama, yale yanayotoka yana rangi gani?"

Alijibiwa papo hapo. Jioni ileile shangazi alilazwa, akaongezwa damu, na kesho yake akateremshiwa mpira mwembamba wenye kamera. Kidonda kilionekana mahali chembe cha moyo kilikokuwa kikielekeza tangu asubuhi. Bakteria alipatikana. Alipewa dawa ya kupunguza asidi pamoja na viuavijasumu vya aina mbili, kwa siku 14. Aliporudi kwao alitaka kujua jambo moja tu, kama pilipili imeachiliwa huru.